Daktari Mpasuaji Kati ya Skramu na Meza ya Chama: Nani Mwenye Neno la Mwisho Mchezaji Akiumia?

Desemba mwaka 1978, katika uwanja wa Brewery Field mjini Bridgend, kusini mwa Wales, mlinzi wa nyuma wa timu ya raga ya wenyeji alikuwa amelala chini ya rundo la wachezaji pale njumu ya fowadi mmoja wa New Zealand ilipomkanyaga usoni na kulitoboa shavu lake. Alitolewa nje akivuja damu nyingi. Baba yake, Dkt. Peter Williams, alimshona nyuzi zipatazo 30, na baada ya hapo kijana huyo, kwa hiari yake mwenyewe, alirudi uwanjani kuendelea na mechi. Jioni ile, kwenye chakula cha pamoja cha timu zote mbili, baba huyohuyo alisimama kama rais wa klabu ya Bridgend, akakemea waziwazi kitendo alichotendewa mwanawe, na baadhi ya wageni wakainuka mezani na kutoka.

Mchezaji aliyeshonwa alikuwa J.P.R. Williams, na yeye pia alikuwa daktari, aliyekuwa akisomea upasuaji wa mifupa. Ninalianza suala hili na tukio hilo kwa sababu linaonyesha fundo lote ambalo makala hii inajaribu kulifungua. Mchana mmoja, mtu mmoja alikuwa baba wa majeruhi, daktari wa majeruhi na kiongozi wa klabu ambayo majeruhi aliichezea. Aliposhika sindano na uzi, alikuwa akimtumikia nani? Kama mgonjwa yuleyule angefika hospitalini akiwa mtu wa kawaida aliyepigwa barabarani, hakuna daktari ambaye angemruhusu arudi kwenye ugomvi baada ya kushonwa. Uwanjani hilo lilionekana ushujaa, na kwa miaka mingi lilisimuliwa hivyo.

Williams alizaliwa Bridgend tarehe 2 Machi 1949, wazazi wake wote wawili wakiwa madaktari. Mwaka 1966 alitwaa ubingwa wa tenisi wa vijana wa Uingereza huko Wimbledon, na angeweza kuifuata njia hiyo, lakini alichagua raga kwa sababu ambayo leo inashangaza: raga ilikuwa mchezo wa ridhaa, hakuna aliyelipwa, na kwa hiyo mtu aliweza kuicheza katika kiwango cha juu kabisa huku akisomea udaktari. Alijiunga na chuo cha tiba cha hospitali ya St Mary's mjini London na kuhitimu mwaka 1973. Kati ya 1969 na 1981 aliichezea Wales mechi 55, na alisafiri na timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, yaani Lions, iliyoishinda New Zealand mwaka 1971 na ile iliyomaliza ziara ya Afrika Kusini mwaka 1974 bila kufungwa. Baadaye akawa daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa mjini kwao, na hadi alipofariki tarehe 8 Januari 2024 alikuwa rais wa klabu ya Bridgend, kiti kilekile alichowahi kukikalia baba yake. Alizoea kusema kwamba nusu ya maisha yake aliitumia kuvunja mifupa uwanjani na nusu nyingine kuiunga katika chumba cha upasuaji.

Hakuwa peke yake. Enzi za ridhaa zilizalisha watu wengi wa namna hiyo. Jack Kyle, aliyeiongoza safu ya nyuma ya Ireland iliponyakua ubingwa wa mwaka 1948, alifanya kazi ya upasuaji Chingola, nchini Zambia, tangu 1966 hadi mwaka 2000. Roger Vanderfield wa Australia alikuwa daktari aliyesimamia hospitali, mwamuzi wa mechi za kimataifa, na baadaye mwenyekiti wa Bodi ya Kimataifa ya Raga. Mchezo uliendeshwa na watu waliojitolea, na daktari, akiwa mtu anayeheshimiwa mtaani, aliombwa kuketi kwenye kamati kama anavyoombwa mzee wa ukoo kusimamia posa. Hapo ndipo taaluma mbili zilipokutana, na matokeo yake yalikuwa na heri na shari ndani yake.

Tuanze na heri. Mwaka huohuo wa 1978, jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha andiko fupi la Williams na mwalimu wake wa upasuaji wa mifupa huko Cardiff, Brian McKibbin, kuhusu majeraha ya shingo katika raga. Kwa msomaji wa leo inaweza kuonekana jambo la kawaida, lakini fikiria uzito wake: aliyeandika hakuwa daktari wa mbali anayeushangaa mchezo wa fujo, alikuwa nyota wa timu ya taifa, mtu ambaye hakuna kiongozi wa chama angeweza kumwambia kwamba haijui raga.

Ili kuelewa alichokuwa akikitazama, inafaa kuisogelea skramu. Mafowadi wanane wa kila upande hushikana, huinama na kusukumana na wanane wa upande wa pili. Mstari wa mbele una watu watatu: mapropu wawili, na katikati yao huka, ambaye mikono yake yote miwili imewakumbatia mapropu, kwa hiyo hana hata mkono mmoja wa kujikinga akianguka. Shingo ya mtu aliyesimama wima ina mpindo mdogo, na mpindo huo ndio unaomeza mshtuko. Kichwa kikiinama kidogo, kama digrii 30 hivi, mpindo hunyooka na pingili saba za shingo husimama moja juu ya nyingine kama matofali. Nguvu inayoingia kupitia utosini wakati huo haina pa kupotelea. Ikiwa skramu imeporomoka, kichwa kimegota ardhini na watu wa nyuma bado wanasukuma, pingili moja, mara nyingi ile ya nne, ya tano au ya sita, huweza kuteleza juu ya mwenzake na kuubana ugwe wa neva unaopita katikati. Kijana aliyekuwa akicheka kwenye chumba cha kubadilishia nguo nusu saa kabla anaweza kuinuliwa pale akiwa hana hisia kuanzia mabegani kwenda chini.

Baada ya hapo saa huanza kuhesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwaangalia wachezaji 57 wa raga wa Afrika Kusini waliotengukwa pingili za shingo na kutibiwa katika hospitali moja ya Cape Town. Kati yao, 32 walikuwa wamepooza kabisa walipofika. Wanane kati ya hao pingili zao zilirudishwa mahali pake ndani ya saa nne tangu kuumia, na watano wakapona kikamilifu. Kwa wale 24 waliorudishiwa pingili baada ya saa nne, hakuna hata mmoja aliyepona kikamilifu. Takwimu hizi ni za watu wachache, na daktari makini atazishika kwa tahadhari, lakini mtu akizisoma huku akifikiria umbali uliopo kati ya viwanja vingi vya shule na hospitali yenye mpasuaji wa mifupa, ni vigumu kulala usingizi mzuri.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo hasa lenye utata: daktari akishaliona tatizo wodini, linageukaje kuwa sheria ya mchezo? Upasuaji humponya mmoja mmoja. Kanuni ya mchezo hugusa kila skramu, Jumamosi zote, katika kila nchi inayocheza. Tofauti hiyo ndiyo inayomvuta mpasuaji kutoka chumba cha upasuaji kwenda kwenye meza ya chama, na pale mezani hukutana na watu wanaotaka kujua jambo moja tu: je, una hesabu?

New Zealand ilikuwa na hesabu kwa sababu isiyohusiana na raga. Nchi hiyo ina mfuko wa serikali unaogharamia matibabu ya kila ajali bila kutafuta nani mwenye kosa, kwa hiyo kila shingo iliyovunjika ilikuwa na faili na gharama yake. Mwaka 2001 mfuko huo na chama cha raga walianzisha mpango wa RugbySmart uliomlazimu kila kocha na kila mwamuzi kufundishwa mbinu salama za kukaba na za kuingia kwenye skramu. Kwa mwenendo wa miaka iliyotangulia, ilitarajiwa kwamba kati ya 2001 na 2005 kungetokea majeraha mabaya tisa ya uti wa mgongo yatokanayo na skramu. Lilitokea moja. Afrika Kusini ilianzisha mpango wake wa aina hiyo, BokSmart, mwaka 2009.

Sheria nayo ilibadilika kwa kupapasa. Huko Uingereza, skramu za vijana zilikwisha kuwekewa hatua za kuinama, kugusana, kutua na ndipo kuingia, na mwaka 1996 mahakama ya rufani ya nchi hiyo ilikubali kwamba mwamuzi aliyeshindwa kuzisimamia hatua hizo alikuwa na wajibu kwa kijana aliyepooza katika mechi ya mwaka 1991. Hukumu hiyo iliwatisha waamuzi wengi, lakini iliweka wazi kwamba kanuni ya usalama si ushauri. Mwaka 2007 hatua kama hizo ziliingizwa katika raga ya dunia nzima, na mwaka 2013 amri za mwamuzi zikawa tatu: inama, shika, ingia. Neno hilo la katikati ndilo lenye kazi. Mapropu wakiwa wameshikana na wapinzani wao kabla ya kuingia, hawawezi tena kujirusha kutoka mbali kama mafahali, na vipimo vya Chuo Kikuu cha Bath vilionyesha kwamba nguvu ya mgongano ilipungua kwa kiasi kinachofikia asilimia 25. Amri tatu za maneno, zisizogharimu senti, zinazofanya kazi uwanja wa taifa na uwanja wa vumbi vilevile.

Hiyo ndiyo heri. Shari ilikaa katika jambo ambalo lilionekana dogo, yaani ruhusa ya kubadilisha mchezaji.

Kabla ya 1968 hakukuwa na mchezaji wa akiba katika mechi za kimataifa. Aliyeumia alivumilia, au timu yake ilibaki pungufu. Mwaka huo sheria ilikubali mchezaji aliyeumia abadilishwe, na Juni 1968 Mike Gibson wa Lions aliingia badala ya Barry John mjini Pretoria, akawa wa kwanza. Lakini kulikuwa na sharti: daktari athibitishe kwamba aliyeumia hawezi kuendelea. Watunga sheria walidhani wameweka mlinzi mwaminifu mlangoni. Hawakuona kwamba wamempa daktari ufunguo ambao kocha angeuhitaji. Tangu siku hiyo, maneno ya kitabibu yakawa pia maneno ya mbinu za mchezo.

Sehemu ambayo ufunguo huo ulipinda kabisa inajulikana. Aprili 2009, katika robo fainali ya kombe la klabu za Ulaya, Harlequins ya London ilikuwa nyuma kwa pointi moja dhidi ya Leinster ya Ireland na ilitaka kumrudisha uwanjani mpigaji wake wa mateke. Kwa kuwa aliyekwisha kutolewa aliruhusiwa kurudi tu kumpokea mwenzake anayetoka damu, mchezaji mmoja alipewa kidonge cha damu ya bandia akakitafuna. Waamuzi wa mechi walipokuwa na shaka, daktari wa timu, ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, alimkata mchezaji huyo mdomo ili jeraha lionekane la kweli. Mkurugenzi wa raga wa klabu alifungiwa miaka mitatu na klabu ikatozwa faini nzito. Daktari yule alifikishwa mbele ya baraza la madaktari la Uingereza mwaka 2010 na akaruhusiwa kuendelea na kazi yake. Sina haja ya kumtaja jina. Ninachotaka kionekane ni jinsi ilivyotokea: mtu aliyesoma miaka mingi ili asimdhuru mgonjwa alimkata mgonjwa kwa kuwa mgonjwa, kocha na yeye mwenyewe walikuwa wafanyakazi wa nyumba moja, na mechi ilikuwa imebaki dakika chache.

Raga ilikuwa imegeuka kuwa mchezo wa kulipwa tangu Agosti 1995. Wachezaji wakawa wazito na wenye kasi zaidi, na daktari naye akawa mwajiriwa. Jeraha ambalo lilimweka katika mtihani mkubwa kuliko yote halionekani kwenye picha ya eksirei: mtikisiko wa ubongo.

Hapa mambo huchanganywa sana, kwa hiyo twende taratibu. Kwa miaka mingi kanuni ya kimataifa ilisema kwamba aliyepata mtikisiko wa ubongo apumzike wiki tatu, isipokuwa bingwa wa mfumo wa neva amruhusu mapema. Ilikuwa kanuni nzuri yenye kasoro ya kibinadamu: kwa kuwa neno hilo lilibeba adhabu ya wiki tatu, madaktari na wachezaji walijifunza kutolitamka. Mwaka 2011 wiki tatu za lazima ziliondolewa, ukawekwa utaratibu wa kurudi hatua kwa hatua. Mwaka 2012 kikaanza kipimo cha dakika tano kando ya uwanja. Dkt. Barry O'Driscoll, aliyewahi kuichezea Ireland na aliyekuwa mjumbe wa kamati ya tiba ya Bodi ya Kimataifa, alijiuzulu kwa kukipinga, akishikilia kwamba hakuna kipimo cha dakika tano kinachoweza kumsafisha mtu ambaye tayari ameshukiwa. Julai 2013, katika mechi ya tatu kati ya Australia na Lions mjini Sydney, George Smith aligongana kichwa na mpinzani, akatolewa akiyumba mbele ya macho ya dunia, akapimwa, akarudi uwanjani dakika chache baadaye. Wengi tulimwona O'Driscoll kuwa amesema kweli.

Hata hivyo haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Takwimu za wasimamizi zilionyesha kwamba kabla ya kipimo hicho, asilimia 56 ya wachezaji waliokuja kuthibitishwa kuwa na mtikisiko wa ubongo walikuwa wameachwa waendelee kucheza. Baada ya kipimo kuanza, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 13 hivi. Daktari ambaye zamani alikimbia uwanjani na kupewa sekunde thelathini, huku refa na watazamaji wakimsubiri, sasa alikuwa na sababu ya kisheria ya kumtoa mtu bila kuiacha timu pungufu. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa sahihi: kipimo kiliwanasa wengi waliokuwa wakipita, na kipimo hichohicho kilitumika kumrudisha mtu ambaye hakupaswa kupimwa kabisa, bali kupelekwa kupumzika.

Kanuni ya leo imechukua kutoka pande zote mbili. Katika mechi za ngazi ya juu, aliyepoteza fahamu, aliyekakamaa au anayeyumba hatoki kwenda kupimwa. Anatoka moja kwa moja. Ambaye hali yake haiko wazi hupelekwa chumbani, kwa dakika 12, ambako huulizwa tuko uwanja gani, nani amefunga mwisho, wiki iliyopita mlicheza na nani, akakariri maneno na kurudia tarakimu kinyumenyume, akatembea juu ya mstari kisigino kikigusa kidole, na matokeo yake yakalinganishwa na yale aliyoyapata akiwa mzima kabla ya msimu. Kando ya daktari wa timu yupo daktari wa mechi asiyelipwa na klabu yoyote kati ya zile mbili, mwenye skrini ya picha za marudio, na neno lake haliwezi kupinduliwa na kocha. Kwangu huyo daktari wa mechi ndiye badiliko kubwa kuliko vifaa vyote, kwa sababu amevuliwa kofia mbili kati ya zile tatu alizovaa Dkt. Peter Williams.

Ila kipimo hicho cha kurudi uwanjani ni cha mechi za ngazi ya juu pekee, na hili ndilo ambalo watu wengi wanaotazama raga kwenye televisheni hawalijui. Raga imechezwa Afrika Mashariki muda mrefu, kiasi kwamba Lions wa mwaka 1955 walipita Nairobi kupimana nguvu na timu ya Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya raga yetu, kama ilivyo kwingineko, ni ya shule na vilabu vya ridhaa. Katika viwanja hivyo hakuna dakika 12 wala marudio. Anayeshukiwa tu hutolewa na harudi siku hiyo. Januari 2011, huko Carrickfergus, Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi ya shule, akaangaliwa kando ya uwanja, akaachwa aendelee, akaanguka na kufariki. Uchunguzi wa kifo chake ulieleza kwamba ubongo uliokwisha kujeruhiwa ulipokea pigo jingine kabla haujapona. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo yote ya ridhaa unasema aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21. Zile wiki tatu zimerudi kwa mlango mwingine.

Yeyote aliyesimama kando ya uwanja wa shule amewahi kumwona kijana aliyegongwa akimwagiwa maji utosini na kuulizwa kama yuko sawa, naye akajibu ndiyo, kwa sababu wenzake wanamtazama. Jibu hilo halina thamani ya kitabibu, kwani ubongo unaoulizwa ndio ulioumia. Sheria ya raga inampa mwamuzi mamlaka ya kumwamuru mchezaji aliyeumia atoke, na mwalimu anayepuliza filimbi hahitaji kuthibitisha ugonjwa. Shaka yake inatosha. Mchezaji akilala chini na kulalamikia shingo, au akisema hasikii mikono, mchezo husimama papo hapo. Asiketishwe, asivutwe kwa makwapa kupisha mechi. Mtu mmoja apige magoti upande wa kichwa, akishike kwa mikono miwili kama kilivyokutwa bila kukinyoosha kwa nguvu, aongee naye kwa utulivu, na mwingine akimbie kutafuta gari la wagonjwa, akitaja kwenye simu neno shingo, ili kijana apelekwe kwenye hospitali yenye mpasuaji badala ya zahanati ya karibu, maana zile saa nne zimeshaanza kuhesabika.